Kaskazini Ilipoingia Jikoni kwa Mama

Mama alinipigia simu nikiwa kazini Syokimau, akaniambia niende Kangundo na ile simu yangu yenye dira, na nisiulize maswali. Nikauliza. Kumbe mama mdogo Syombua, mke wa marehemu baba mdogo, alikuwa amepanda makonge mapya mpakani baada ya yale ya zamani kukauka, na eti ameufungia mparachichi wa mama upande wake. Wajane hawa wawili walikuwa wamenuniana tangu Pasaka.

"Babu yako alipima hii shamba na dira, akaandika," mama alisema. "Kuja utuonyeshe mwizi."

Jumamosi saa mbili asubuhi nikawasha pikipiki.

Tala, saa nne kasorobo. Nilisimama kuijaribu dira ya simu, ikazunguka kama kuku aliyepigwa jiwe. Nilikuwa nimeiweka juu ya tangi la mafuta, chuma kitupu. Nikashuka, nikaanza kuchora nane hewani kwa ile simu, maana ndivyo inavyorekebishwa. Mama mmoja wa machungwa akanitazama weee, kisha akauliza, "Kijana, ni nyuki?"

"Ni kaskazini, mama. Naitafuta."

"Woi," akasema, akamvuta mteja wake kando.

Saa tano, nyumbani. Mama alinisubiri langoni na mkebe wa majani chai. Ndani mlikuwa na dira ya babu na daftari lake. Babu alikuwa akiwabebea wapima ardhi mnyororo wa kupimia, na alipowagawia wanawe wawili shamba, miaka hamsini iliyopita, aliandika yote: kutoka kwenye mwamba ulio juu ya shamba, nyuzi tisini na nne, moja kwa moja hadi mtoni, kulia ni kwa baba, kushoto ni kwa baba mdogo. Mama mdogo, mwalimu mstaafu, alikuwa ameshakaa juu ya huo mwamba na mwavuli wake.

"Habari ya asubuhi, mama mdogo."

"Nzuri, Kioko. Pima na macho, usipime na tumbo ya mama yako."

Nikapima. Niliteremka na kamba nikichomeka vijiti, mama nyuma yangu akiimba wimbo wa kanisa. Mara wimbo ukakatika. Kijiti cha tisa kilikuwa kinaelekea katikati ya mlango wa jiko la mama.

"Hiyo dira imezeeka," mama akasema.

Nikatoa simu. Ikasema vilevile.

Mama akakaa chini, pale pale kwenye vumbi. Jiko lile baba alilijenga mwenyewe walipooana, na kati ya vyote alivyojenga, ndilo pekee lililosimama. "Kioko," akasema, "nimeita mtu anibomolee jiko." Nilitamani ardhi inimeze, ingawa sikujua tena ni ardhi ya nani.

Mama mdogo angeweza kushukuru tu na kwenda zake. Badala yake alituita mwambani, akaliomba daftari, akalipekua polepole.

"Angalia hapa. Siku hiyo hiyo babu alipima pia kilele cha mlima Kilimambogo, kutoka hii mwamba. Mia tatu thelathini na moja. Wewe pima sasa."

Nikapima kwa dira, nikapima kwa simu. Mia tatu ishirini na tisa.

"Mlima imehama?" mama akauliza kwa matumaini.

"Mlima haihami. Kaskazini ya dira ndio inahama. Huko chini kabisa ya dunia kuna chuma imeyeyuka, inazunguka, na inavuta hiyo sindano kidogo kidogo kila mwaka. Nilifundisha hii kitu mpaka nikastaafu, na wewe ukisema walimu hawana kazi. Kioko, toa nyuzi mbili kwa ile tisini na nne."

Nikatoa. Kamba ikasogea kushoto, ikaliacha jiko salama. Mama akaruka juu na kigelegele, halafu akaona mparachichi ulikobaki: ng'ambo ya kamba, upande wa mama mdogo, kwa shubiri moja. Kigelegele kikamfia mdomoni.

"Sasa Mwalimu, si ungenyamaza tu uchukue jiko?"

"Nilizalia ndani ya hiyo jiko, mvua ikinyesha, na wewe ndio ulinipikia uji. Nitaibomoa aje?"

Mama akalia waziwazi, bila hata kutafuta leso. Mama mdogo akamfunika na mwavuli, jua kali hivyo.

Saa kumi nikashika njia ya kurudi, gunia la maparachichi nyuma ya pikipiki. Nimejifunza kwamba hata kaskazini haikai mahali pamoja, na mtu akikuletea namba, umuulize ni ya lini. Mama naye alijifunza la kwake. Kila Jumapili baada ya kanisa hunipigia.

"Kioko, kaskazini imefika wapi?"

"Bado iko palepale, mama."

"Ikisonga uniambie. Niko na mparachichi inangoja."

Nyuma yake, jikoni, humsikia mama mdogo akicheka: "Mwambie ni miaka ingine hamsini!"

"Basi ongeza maji kwa chai," mama humjibu. "Tutangojea hapa."