Mikono ya Kwenda Maskati

Niliisikia mikono ya mama kabla sijafumbua macho. Kwaru. Kimya kidogo. Kwaru tena. Alikuwa chumba cha pili akijifunga leso kwa ajili ya sala ya alfajiri, na vidole vyake vilikuwa vikinasa kwenye kitambaa. Nimelala na kuamka katika nyumba hiyo ya Gazi tangu utotoni, na sauti hiyo ndiyo iliyokuwa saa yangu. Asubuhi hiyo ndipo iliponitia hofu kwa mara ya kwanza.

Jana yake tulikuwa Mombasa, kwenye ofisi ya pasipoti. Dada yangu, anayeishi Maskati na mumewe, alikuwa na mimba ya kwanza, na ilikuwa imeshaingia miezi ya mwisho. Huko hakuwa na mtu wa kumkanda wala wa kumwoshea mtoto. Mama alikuwa ameshakata shauri: angekwenda yeye, akae naye arubaini nzima. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa pasipoti, na pasipoti ilikuwa imekwama kwenye vidole vya mama.

Kijana wa ofisini alikuwa mpole, ingawa Kiswahili chake kilikuwa cha bara. "Mathe, weka tena. Bonyeza kiasi. Sasa kile kingine." Kioo cha mashine kiliwaka kijani, kisha kwenye skrini ikatokea picha ya kidole: mabaka meupe na mistari iliyokatikakatika, kama mchanga uliopitiwa na kaa.

"Mathe, kwani unafanya kazi gani?"

"Nashona makuti, mwanangu. Ukienda Diani ukaona paa la hoteli limekupendeza, huenda ni langu."

"Ndio maana. Hizi fingers zimeisha."

"Hazijaisha. Zingeisha, ningekushikaje?" Akamkamata kifundo cha mkono. Kijana akacheka. Mashine haikucheka. Alitueleza kwamba upo utaratibu wa watu wasiosomeka vidole, lakini ni mrefu, na mtoto wa dada asingeusubiri. Afadhali tukailainishe ile ngozi, turudi mwisho wa mwezi.

Jioni dada alipiga simu. Mama alipomweleza, dada akacheka kicheko ambacho mimi nilijua kimefunika kilio. "Mama, hata wakikupa hiyo pasipoti, utamshika mwanangu na mikono ile? Atadhani amekwaruzwa na paka."

"Wewe nilikushika kwa mikono hii hii. Ulikwaruzika?"

"Sikuwa na akili ya kushtaki."

Kisha sauti ikambadilika. "Njoo, mama. Mimi naogopa." Mama aliirudisha simu mkononi mwangu, akatoka kwenda kuwafungia kuku, ambao walikuwa wameshafungiwa.

Mimi nilijua la kufanya, na nilijua kwamba najua. Kabla sijajitia katika kazi ya kuandika, nilifanya kazi katika chumba cha kukandia cha hoteli moja ya Diani. Nilipokea migongo iliyoungua kwa jua, visigino vilivyopasuka, nyuso zilizokaushwa na maji ya bwawa la kuogelea. Mwanamke aliyetufundisha alituzuia kugusa chupa yoyote hadi tuielewe ngozi yenyewe. Mambo yake niliyachukua hivyo hivyo, kama mtu anavyochukua kisomo cha chuo cha Kurani, na hayajanitoka.

Nilimkalisha mama barazani. "Ngozi ya juu ni paa," nilimwambia. "Imepangwa magamba madogo madogo, moja juu ya jingine, kama makuti yako. Katikati ya magamba kuna mafuta ya asili yanayoyashikanisha. Mafuta yakipungua, magamba hujikunja na nyufa hufunguka. Ila hapo mvua haiingii ndani. Maji ya ndani ndiyo yanayotoka."

"Basi paa langu limechakaa."

"Limekauka. Kuti kavu ukilishona huwa vipi?"

"Hukatika. Sharti uliloweke kwanza." Aliitazama mikono yake, ya kulia kisha ya kushoto, kana kwamba ameletewa mzigo wa makuti asiyoagiza. "Lakini mimi hupaka mafuta ya nazi tangu sijakuzaa wewe."

"Unayapaka juu ya ngozi kavu. Unaifunga nyumba ambayo hamna mtu ndani."

Nilikwenda madukani Kona ya Musa, nikanunua gliserini, mafuta ya mgando na soksi nyeupe za pamba. Mafuta ya nazi tulikuwa nayo, aliyoyapika mwenyewe, meupe asubuhi na maji matupu ifikapo mchana. Baada ya isha nilimlowekea mikono katika beseni la maji ya uvuguvugu mpaka ncha za vidole zikanywea. Nilimfuta kidogo, nikauacha unyevu. Nikampaka gliserini niliyoichanganya na maji, kwa sababu kazi yake ni kuyavuta maji na kuyashika, na ikiwa nzito mno bila ya maji huyatafuta ndani ya ngozi yenyewe. Juu yake nikampaka mafuta ya nazi, yapenye kwenye nyufa na kulainisha magamba. Mwisho mafuta ya mgando, ambayo hayalishi ngozi wala hayainyweshi, bali huketi juu kama kifuniko cha sufuria. Kisha nikamvisha soksi mikononi.

Mama aliinyanyua mikono yake miwili meupe hadi usawa wa taa. "Umenianzia sanda kutokea vidoleni."

"Lala, mama."

"Na mbu akija nimpige na nini?"

Makuti nilimkataza kuyagusa. Aliwaachia wanawake wenziwe, akawa anakaa pembeni akiwaelekeza kwa mdomo na kidevu, na mmoja wao akamwita msimamizi wa barabara. Nilimkuta mara mbili na kuti mkononi. "Nilikuwa nalishikilia tu," alisema, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Pamoja na hayo yote, wiki ya kwanza ikapita na asubuhi nikaisikia: kwaru.

Sikuamini. Usiku nilikuwa nikimwacha na mikono laini kama unga uliokandwa vizuri, na ikifika adhuhuri imerudi kuwa magome. Nilidhani gliserini imeharibika. Nilidhani anashona kwa siri. Kisha mchana mmoja nilitoka uani wakati wa adhana, nikamkuta amechutama bombani na kipande cha sabuni ya kufulia, anasugua viganja na vidole kama mtu anayetoa masizi kwenye chungu. Alipomaliza kusugua, akatia udhu. Akanyanyuka, mikono ikining'inia, ikauke kwa upepo.

"Mama, hivi hufanya kila sala?"

"Kila sala."

"Kwa sabuni hiyo?"

"Sasa ulitaka nitilie maji juu ya mafuta yako, yateleze yaanguke, ngozi haijapata hata tone? Sala yangu iende wapi? Umenipaka kitu kama nta."

Mara tano kwa siku sabuni kali ilikuwa ikichukua mafuta niliyoyapaka pamoja na yale machache aliyoumbwa nayo. Na mara tano kwa siku maji ya udhu yalikaukia kwenye vidole vyake na kuondoka na unyevu wa ngozi. Kumbe tulikuwa watu wawili tunaovuta kamba moja, kila mtu upande wake, na kila mtu ana haki yake. Sikuweza kumwambia apunguze uangalifu wa ibada yake. Yeye naye hakuweza kuniambia niyasahau niliyofundishwa. Tulisimama uani tukitazamana, na msikitini wameshakimu.

"Nenda ukasali," nilisema. "Ukimaliza tutasema."

Alipomaliza kusali alirudi na mkeka wake begani, nami nilikuwa tayari.

"Udhu ni maji, mama. Mimi nahangaika kukulowekea mikono mara moja usiku, na wewe unailoweka mara tano. Tatizo ni kwamba mafuta yanatangulia udhu. Tuyapeleke baada yake."

Alifikiri. "Yaani nitie udhu, nisali, kisha nipake?"

"Usingoje kusali. Paka kabla mikono haijakauka. Ukitoa mguu bombani tu, gliserini ile nyepesi. Hiyo haigandi. Udhu ujao maji yataiyeyusha yenyewe bila sabuni. Ule uzito wa mafuta ya mgando tuuweke baada ya isha, wakati huna sala tena hadi alfajiri. Alfajiri utaufuta kwa kitambaa cha maji moto na sabuni laini ya kuogea, mara moja tu."

"Na hiyo gliserini yenyewe ina nini ndani? Isije ikawa na nguruwe."

Nilikuwa nimeshaisoma chupa. Ilikuwa imeandikwa kwamba imetokana na mimea. Nilimsomea neno kwa neno, akataka nimsomee tena, kisha akaweka kichupa dirishani karibu na bomba, mahali ambapo zamani palikaa ile sabuni ya kufulia. Sabuni yenyewe aliipeleka kwa jirani siku hiyo hiyo. Mama akishakubali jambo, haliachi nusu.

Tangu hapo nikawa sina kazi. Adhana ikilia namwona anakwenda bombani, anarudi akisugua viganja taratibu, midomo ikiendelea na uradi wake. Nyufa za pembeni ya kucha ziliziba kwanza. Weupe wa vumbi uliokuwa juu ya vifundo ukapotea, rangi yake ya kahawia ikarudi na mng'ao. Jioni moja alinijia nikiandika, akanikalia mbele na kunionyesha kidole cha shahada karibu na pua yangu. "Tazama. Mistari." Ilikuwepo, myembamba, imezunguka katikati kama mawimbi yanayozunguka jiwe.

Siku ya kurudi Mombasa nilimkataza mafuta kabisa, kwa sababu mafuta huchafua kile kioo. Alitia udhu katika msikiti ulio karibu na ofisi, akapaka tone la gliserini, akasali adhuhuri, kisha akafuta vidole kwa ncha ya leso. Kijana alikuwa yule yule.

"Mathe! Umerudi na mikono mingine?"

"Ile ya kwanza nimemwachia binti yangu aandikie hadithi. Washa mtambo wako."

Kidole kimoja kimoja, mashine ikapokea. Ikafika zamu ya dole gumba la kulia, lile linalobana ufito wakati wa kushona, likakataa. Akaliweka tena. Likakataa. Kijana akafuta kioo. Pale ndipo dada yangu alipokuwa, juu ya kidole kile. Mama hakunitazama. Alilisogeza dole gumba mdomoni, akalipumulia pumzi ndefu ya moto, haaa, kama afanyavyo anapotaka kung'arisha miwani yake, akalifuta mara moja na kulibonyeza.

Kijana alitazama skrini. "Imeingia," alisema, na mama akamwambia, "Si nilikwambia hazijaisha?"

Pasipoti ilitoka mtoto akiwa bado tumboni. Asubuhi ya safari gari lilikuja kabla jua halijachomoza, limeshajaa shangazi waliotaka kumsindikiza. Mimi alinikataza. "Ukilia kule uwanjani, nitarudi na mizigo yangu." Ndani ya sanduku alikuwa ametia chupa ya mafuta yake ya nazi, ameizungushia zile soksi nyeupe ili isivunjike. Kichupa cha gliserini akakiacha dirishani. "Huko Maskati hakukosi," alisema. "Hiki ni chako. Wewe nawe unaandika mchana kutwa, vidole vimeanza."

Akanishika uso kwa viganja vyote viwili. Nilingoja mkwaruzo nilioujua miaka yote. Haukuja. Kulikuwa na joto tu, na harufu ya nazi. Alijitanda tena leso yake mpya kichwani, vidole vikapita juu ya kitambaa kimya kimya, akanyanyua sanduku, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake.