Tulinunua nyumba Mulago kwa ajili ya swimming pool, na hiyo pool ikatulinda kwa namna ambayo sikuifikiria

Wakuu, salamu kwenu wote popote mlipo.

Juzi kuna mwanachama hapa aliuliza: amepata nyumba mbili, moja iko kwenye estate yenye swimming pool ya pamoja, nyingine iko karibu na soko lakini haina kitu. Achukue ipi? Watu wakamjibu kwa mambo ya resale value na service charge.

Mimi ni mzee, sijui resale value. Ila swali hilo nililiuliza mwenyewe Kampala, miaka ya sabini, wakati wa serikali ya wanajeshi. Nitawaeleza yaliyonipata, bila chumvi. Mke wangu yuko hapa pembeni, nikikosea ananisahihisha.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mnubi. Babu yangu aliletwa Uganda na jeshi la Waingereza, akabaki. Kwetu tunasema Kinubi, na Kiswahili ndiyo lugha ya kila siku.

Hili ni muhimu kwa sababu serikali ya wakati ule ilijaza Wanubi wengi jeshini. Katika nyumba yetu hakuna aliyevaa kombati. Mimi nilikuwa fundi wa malori, gereji yangu iko Kisenyi. Lakini mtu wa njiani hakujui kwa kazi, anakujua kwa uso na jina.

Tulikuwa tunapanga chumba Kisenyi hapo hapo, mimi, mke wangu Zaituni na watoto wawili, Rashidi na Amina. Amina alikuwa na pumu. Kila akishikwa tulikuwa tunambeba mgongoni kutafuta gari la kutupeleka hospitali. Ndiyo tukaamua tununue nyumba.

Tukapata mbili.

Ya kwanza ilikuwa upande wa Kalerwe. Kiwanja kikubwa, soko liko mlangoni, msikiti unausikia ukiwa kitandani, na shangazi yake Zaituni anakaa jirani. Mvua ikinyesha ni tope mpaka magotini.

Ya pili ilikuwa mteremko wa Mulago, kwenye estate ndogo. Kampuni moja ilijenga nyumba zile kwa wafanyakazi wake kabla ya mambo kuharibika, halafu ikaziuza. Aliyekuwa anauza alikuwa karani mstaafu, anarudi kwao kijijini. Kulikuwa na geti moja, na katikati ya nyumba swimming pool ya wote, ya rangi ya samawati, na chumba kidogo cha pampu pembeni.

Wakuu, nilipoiona ile pool nilikwisha. Utoto wangu wote nilikuwa naona watoto wa wakubwa wakiogelea klabu, sisi tuko nje ya ua. Nikajiona nimekaa pale na watoto wangu, miguu majini.

Zaituni hakuiona hivyo.

"Pool inapikwa?" akaniuliza. "Kalerwe nina soko, nina msikiti, nina shangazi. Huku nina maji ya kuzamisha watoto."

Tulibishana siku nyingi. Kilichomfanya akubali ni Amina. Kutoka estate unafika hospitali ya Mulago kwa miguu, hata mtoto akiwa mgongoni. Alisema, "Basi, tunanunua hospitali. Hiyo pool yako ni nyongeza tu."

Tukahamia.

Mwanzo ulikuwa mtamu, sitaficha. Jirani wa kulia alikuwa mama mmoja Mganda, mjane, Mkatoliki. Alizaa mapacha, kwa hiyo kila mtu alimwita Nnalongo kama ilivyo desturi yao. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa pool bila kuchaguliwa na mtu. Mtoto asiingie majini bila mzazi. Mtu asiingie na sabuni. Ukivunja sheria anakuita mbele ya wote.

Jirani wa kushoto alikuwa Mwalimu Okello, Mwacholi, mtu wa maneno machache. Ndiye aliyemfundisha Rashidi kuogelea. Mimi mwenyewe nilijifunza kuelea tu, na mpaka leo naishia hapo hapo.

Halafu nchi ikabana. Sukari ikapotea, chumvi ikapotea, sabuni ikawa ya magendo. Dawa ya kusafishia pool ndiyo usiseme. Pampu ikafa, na mimi fundi nikahangaika nayo bila kupata spea. Maji yakawa kijani, vyura wakahamia, mbu wakatumaliza.

 Zaituni alikuwa ananiangalia tu.

Tukafanya kikao cha majirani. Wengine walitaka tuifukie kwa udongo tupande viazi. Nnalongo akasimama.

"Mabati yetu yote inatoa maji, mvua inaenda bure," akasema kwa Kiswahili chake. "Taata Rashidi ni fundi, atuwekee mifereji. Tuisafishe hii kitu, tukinge mvua."

Taata Rashidi ndiyo mimi, yaani Baba Rashidi.

Tukayatoa yale maji kwa ndoo. Tukasugua kwa mchanga na majivu, wake kwa waume, watoto nao wamo ndani. Nikatafuta mabomba gereji, nikaunganisha mifereji ya nyumba zote. Tukaifunika kwa mbao na mabati ya zamani. Mvua zilipokuja ikajaa.

Haukupita muda, mabomba ya mjini yakaanza kukauka. Yanatoka leo, kesho hakuna. Watu wa mitaa ya chini walikuwa wanapanga foleni kwenye visima. Sisi tulikuwa na maji, ya kuchemsha lakini maji.

Hapo ndipo tulipojuana, wakuu. Pool ilipokuwa ya kuogelea, kila familia ilikuja kwa saa yake. Ilipokuwa ya kuchota, kila asubuhi wote tuko pale na madebe. Unajua nani mtoto wake hakulala, nani amepata unga, nani amenyamaza kuliko kawaida.

Asubuhi moja Mwalimu hakuja kuchota. Nikaenda kwake. Alikuwa amekaa kitini, hajavua nguo za jana. Mdogo wake, aliyekuwa karani mjini, alikuwa amechukuliwa na watu wa usalama, akatiwa kwenye buti ya gari mchana kweupe.

Wacholi walikuwa wanakwisha wakati ule. Na waliokuwa wanachukua watu, wengi walikuwa wanasema lugha ninayosema mimi nyumbani.

 Nikamuuliza jina kamili la mdogo wake. Gereji kwangu wanajeshi walikuwa wanaleta malori, nikawa namuuliza huyu na yule, polepole, kama mtu anayemtafuta mteja. Mmoja akaniambia, "Fundi, tengeneza gari." Nikaelewa.

Nikarudi kwa Mwalimu nikamwambia sikupata kitu. Akanipa mkono. "Asante kwa kuuliza," akasema. Mdogo wake hakurudi, wala mwili haukuonekana.

Mwalimu akarudi kuchota maji. Zaituni alikuwa anamjazia debe lake kwanza, kisha letu.

Ikaja vita ya sabini na tisa. Mizinga tuliisikia kwa mbali, kisha karibu, na siku moja ikawa kimya. Serikali imeanguka. Mji mzima ulitoka barabarani kuimba, na walikuwa na haki ya kuimba. Hata mimi nilishukuru moyoni.

Lakini siku zilizofuata watu walianza kutafuta Wanubi. Hawakuuliza nani alikuwa askari na nani alikuwa fundi.

Asubuhi moja Mwalimu akaingia kwetu bila kubisha hodi.

"Fundi, chukua mama na watoto. Wanapanda kutoka chini. Nyumba yako wameshaelekezwa."

Akatupeleka chumba cha pampu. Ni chumba cha kusimama, tukajibana na ile pampu iliyokufa. Nnalongo akafunga mlango kwa nje na kuanika mashuka mabichi kwenye kamba mbele yake. Amina alianza kukohoa. Zaituni akamkumbatia kifuani, akawa anampulizia usoni taratibu na kumsomea dua sikioni.

Tukawasikia wanafika. Wengi. Wakavunja mlango wetu, vyombo vinaanguka, kitanda kinaburuzwa. Kisha sauti moja karibu sana na sisi: "Humu kuna nini?"

"Pampu," akajibu Mwalimu.

"Fungua."

"Sifungui."

 Kisha Mwalimu akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo:

"Mdogo wangu walimtia kwenye buti ya gari. Sijamzika mpaka leo. Kama kuna mtu mwenye sababu ya kumpiga Mnubi hapa, ni mimi. Na mimi nasema ndani ya geti hili hapigwi mtu. Mmechukua vitu, chukueni. Muende."

Nikawa nasubiri mlango upigwe teke. Badala yake nikasikia sauti ya mabati. Ni Nnalongo, anafunua pool.

"Mmepanda kilima chote hiki na jua," akawaambia. "Mna kiu. Kunyweni kwanza, haya ya ndoo nilichemsha jana. Ya humu mnawe uso."

Mji ulikuwa hauna maji siku hizo. Nikasikia vikombe vinagonga ndoo. Nikasikia mtu anasema asante mama. Watu waliokuja kutuua walikunywa maji kwa mikono ya Nnalongo, mmoja mmoja, na kila aliyekunywa sauti yake ilishuka. Kisha wakaondoka na kitanda chetu.

Tulikaa mle siku kadhaa. Chakula kilikuja kutoka kila nyumba, viazi vya huyu, maharage ya yule. Kisha Mwalimu akatutafutia lori la kwenda mpakani, akapanda mwenyewe pamoja nasi mpaka Busia, ili kwenye kila kizuizi wamwone yeye mbele. Tukafika Kibera, kule Nairobi, kwa ndugu zetu Wanubi.

Tuliporudi baada ya miaka, sikutegemea kukuta kitu. Nyumba za wenzetu wengi zilikuwa na wenyewe wapya. Yetu ilikuwa na mlango mpya, na ndani anakaa mpwa wake Nnalongo. Alimweka humo makusudi isichukuliwe. Siku hiyo hiyo mpwa akahamisha vitu vyake, na Nnalongo akatupikia matoke.

Nilijaribu kumshukuru Mwalimu.  Akaniuliza Amina anasoma darasa la ngapi.

Wote wawili wameshatangulia. Nnalongo tulimzika na kanisa lake, Mwalimu tulimsindikiza mpaka kwao Gulu. Amina alikuja na wanawe.

Sasa, mkuu uliyeuliza. Pool ni kitu kizuri, soko ni kitu kizuri, hospitali zaidi. Zipime zote. Ila kabla hujalipa, nenda pale asubuhi kabla watu hawajaenda kazini, usimame. Angalia kama wanasalimiana. Angalia kama kuna kitu chochote kinachowafanya watoke nje wakutane, hata kama ni bomba bovu. Muulize jirani jina la jirani yake. Asipolijua, endelea kutafuta.

Nyumba ya Mwalimu sasa anakaa binti yake. Mwezi uliopita alikuja kuuliza kama tunaweza kuvunja kipande cha ukuta kati yetu, maana wajukuu wanachoka kuzunguka. Zaituni hakunisubiri nijibu. Tumeuvunja Jumamosi.

Nimemaliza wakuu. Nanyi semeni, mlinunua kwa kuangalia nini, na mkakuta nini? Nitasoma yote, miwani ninayo.