Gari Limepita, Bado Mwenyewe

Jirani zake walimpachika fundi huyu mstaafu jina la Mzee Halisi, naye hakulikataa. Gari lake lilikuwa na miaka arobaini na moja, na hakuna alichowahi kubadilisha ila upepo wa matairi. Hata huo aliubadilisha shingo upande.

Siku ya mashindano ya magari ya zamani alikuwa roho juu. Nyumbani yeye na mkewe walikwisha kubaliana mbele ya watoto: akikosa cheti cha uhalisi, gari linauzwa chuma chakavu, na banda lake linakuwa chumba cha kazi cha mkewe, fundi cherehani aliyekuwa akishonea koridoni tangu waoane.

Mwamuzi aliingia uvunguni na tochi. Akasoma namba za injini, akakagua kabureta, akanusa mpaka viti. "Vyote vya kiwandani," akasema. Mzee akashusha pumzi.

"Sasa wewe."

"Mimi nini tena?"

"Kundi hili ni la mwenye gari wa kwanza. Thibitisha kwamba ndiwe." Mwamuzi akainua picha iliyobandikwa kwenye fomu, ya siku gari liliponunuliwa: kijana mwenye nywele tele, mdomo wazi, anamnyooshea kidole msichana aliyeegemea boneti. "Huyu ana meno yake."

"Yangu yaling'oka, bwana!"

"Kwa hiyo hayo si ya asili," mwamuzi akaandika. "Na goti?"

"La chuma," Mzee akakiri, jasho likimtoka. "Basi muulize mke wangu!"

Mama wa watu akamtazama mumewe juu mpaka chini. Alishakiona chumba chake, dirisha lake, meza yake ya kukatia vitambaa. "Mzee huyu simjui," akasema bila kupepesa macho.

Lo! Mzee nusura azirai. Mwamuzi akashusha kalamu amkate. Ila mama alikuwa amesimama juani tangu asubuhi, miguu inamwaka moto, akaegemea boneti kidogo tu.

"Toa kiwiko!" Mzee akafoka, kidole mbele, mdomo wazi.

Mwamuzi akaitazama picha, akamtazama yeye. "Ndiye," akasema, akagonga muhuri.

Mzee alirukaruka kwa furaha na goti lake la chuma. Mkewe akajifuta machozi.

"Gari likikohoa tu, unaruka kutoka kitandani," akamwambia. "Mimi miaka yote hii hujaniuliza hata siku moja kama nimechoka."

Mzee alifungua mdomo ajibu, cheti mkononi, wino haujakauka. Kisha akamfungulia mlango wa gari, akae.