Flashi ya Binamu

Kompyuta ya Luhende pale Igogo ilitunzwa kuliko bibi harusi. Ilifunikwa kitambaa, ikawekewa programu ya kuzuia virusi, na flashi ya mgeni haikuigusa, hata ya mchungaji. Ndani yake ilikuwamo sauti ya marehemu mama yake akisimulia hadithi kwa Kisukuma. Nakala nyingine hakuwa nayo, mtaalamu wetu.

Jumapili moja akaja Mashimba, mtoto wa shangazi yake. Sasa binamu kwa Wasukuma ni mtani: anakutukana nawe unamrudishia, anakomba nyama yako jikoni, na wewe unacheka tu; adabu mnawaachia wageni.

"Chomeka hii, ina ngoma za kwetu," Mashimba akasema. "Au unaogopa, kichwa cha kambale?"

Luhende akachomeka. Programu ikalalamika, naye kwa aibu ya kuitwa mwoga akaizima.

Jioni hakuna faili lililofunguka. Fundi wa Nyamagana alihangaika nayo, mwishowe akasema sauti ya mama haitapatikana tena.

Mashimba alipoambiwa, akacheka. "Nilijua flashi ina virusi, ilishaua kompyuta yangu. Nilitaka kuona kama hiyo kinga unayotutambia inafanya kazi. Si utani tu, binamu?"

Luhende hakumtukana. Alimvutia kiti, akammiminia chai, akamuuliza kwa adabu zote, "Habari za nyumbani, Bwana Mashimba? Watoto hawajambo?"

Mashimba akaacha kucheka. Alisubiri tusi, hata dogo. Halikuja.