Kitunga Kitupu

Juzi binti yangu aliliandikia taifa lake la kubuni mtandaoni sheria ya ubalozi: nchi isiyojibu mkataba, ifungiwe ubalozi wake. Nikakumbuka Kibabi, kijiji nilikokulia, alasiri yenye harufu ya maharagwe mabichi.

Tulicheza nchi mbili, mimi na Sifa, mtoto wa jirani, kila mmoja rais wa ua wa kwao. Tulipogombana nilitaka kumrudishia kitunga walichotuletea maharagwe kikiwa kitupu. Niliona ni msimamo wa serikali.

“Kitunga ya jirani hairudiake bule,” mama alisema, akikijaza viazi vitamu vya moto. “Peleka, Papa Rais.”

Nilidhani ananiharibia siasa ya nje. Shahada yangu ya diplomasia haijaongeza mengi juu ya somo lile. Nilivuka ua nikiogopa Sifa hatacheza nami tena.

Alichungulia kitungani, akanimegea kiazi. “Ingia. Ubalozi iko wazi.”