Mguu wa Mtani kwenye Breki

Nilimpiga mtani wangu mdomoni kwa spana namba kumi, mchana kweupe, uani kwangu Tabora, huku mama akitazama kutoka barazani. Nasema mapema ili asiyetaka habari za mtu wa namna hiyo aishie hapa.

Yeye ni Mgogo, mimi Mnyamwezi. Watu wetu ni watani tangu enzi za misafara, babu zangu walipokuwa wakikatiza Ugogo kwenda pwani na pembe za ndovu mabegani. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako, nawe unacheka. Anaingia jikoni na kuondoka na kuku wako, nawe unacheka. Kosa ni moja tu, kukasirika. Na ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kukuchekesha ili usije ukafa na wewe. Siku tulipomzika baba, jirani yangu huyu alivaa koti la marehemu, akachechemea kama yeye, akashuka kaburini na kulala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Mama alicheka huku machozi yakimtiririka. Baadaye akamwambia, "Na mimi siku yangu usiniangushe." Akajibiwa, "Wewe bibi nitakudai majogoo wawili, maana una maneno mengi."

Ugomvi wetu ulianzia kwenye gari langu, pikapu kuukuu niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa akibebea chumvi ya Uvinza. Chumvi ilikuwa imekula paipu za breki kimyakimya, nami sikujua mpaka siku nilipokuwa natoka Kigwa na magunia ya karanga. Ng'ombe walikatiza barabara. Nikakanyaga, pedali ikazama mpaka chini kama nimekanyaga tope. Niliua ndama. Nilisikia mifupa yake ikivunjika chini ya miguu yangu. Mama alikuwa kando yangu, paji lake la uso likagonga kioo, damu ikamwingia machoni. Hapo ndipo nilipoapa kwamba paipu zile nitazing'oa kwa mikono yangu mwenyewe, si kwa fundi.

Jumamosi iliyofuata mtani alikuja bila kuitwa. Alikuwa fundi mstaafu wa reli, mwenye mikono minene kama mihogo. Tukapandisha gari kwa jeki, tukapanga matofali chini ya ekseli, nikaingia uvunguni.

Nati hazikukubali. Tulizimwagia mafuta ya taa, tukazigonga nyundo, tukazisubiri, tukazigonga tena. Ya kwanza ilikatika ghafla, spana ikateleza, ngozi ya vidole vyangu ikabaki kwenye chuma. Nikaitukana. Nikaipiga hata mahali pasipo na haja ya kupigwa. Kutu ilinimwagikia machoni na mdomoni, nikaitema na kuendelea kupiga. Sifichi, nilifurahia kuvunja. Kila kipande kilichokatika nilikiona ndicho kilichompasua mama.

"Mpagazi," aliniambia kutoka juu, "babu zako walibeba pembe mpaka Bagamoyo, wewe nati moja inakutoa kamasi."

"Nyamaza, mla ubuyu."

"Kwanza rudisheni maji yetu mliyokunywa njiani."

Kufikia saa nane paipu mpya za shaba zilikuwa zimekaa. Ilibaki kutoa upepo, kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye kiti, mwingine yuko chini kwenye gurudumu. Wa chini akisema kanyaga, wa juu anakanyaga na kushikilia. Wa chini anafungua skrubu ndogo, upepo unatoka pamoja na mafuta, anafunga, anasema achia. Wa juu akiachia kabla ya kuambiwa, upepo unarudi ndani na mnaanza upya.

Tulikuwa gurudumu la tatu. Nimelala chali, kichwa chini ya ekseli, nikamsikia akisema kwa sauti ya mtu aliyeogopa kweli, "Jeki inatoka." Papo hapo gari likatikisika. Nilijitupa nje, kichwa kikapasukia kwenye chesisi, nikatambaa kwa magoti na viwiko mpaka kwenye ukuta wa jiko. Nyuma yangu kikalipuka kicheko. Alikuwa amelitikisa yeye mwenyewe, kwa kiuno, kutoka kwenye kiti.

"Mnyamwezi amekimbia mzigo!"

Ulikuwa utani. Utani mbaya, na mpaka leo nasema ulikuwa mbaya. Lakini nilipoinuka pale sikuwa tena mtani wa mtu. Nilifungua mlango nikampiga. Nilisikia jino likiachia. Nikampiga tena begani, na mara ya tatu nikapiga usukani kwa sababu alikuwa ameinama. Ningeendelea, ila sauti ya mama ilinishika mkono.

"Mwanawane, huyo ni mtani."

Alitema jino kiganjani, akalitazama. Nilisubiri anirudishie. Nilitaka anirudishie, na kwa mikono ile angenivunja vipande. Akafuta mdomo kwa shati.

"Samahani, bwana," akasema. "Nimekosea."

Miaka kumi na tisa ya ujirani hakuwahi kuniita bwana, wala kuniomba radhi.

"Tumalizie, bwana."

Nikarudi chini. Kanyaga, nikasema. "Nimekanyaga, bwana." Achia. "Nimeachia, bwana." Hakukosea hata mara moja. Damu yake ilidondoka kwenye pedali, yangu ilinitiririka sikioni, na breki zikatoka imara kuliko za gari jipya.

Anayemkasirikia mtani hulipa, hiyo ndiyo desturi. Nilimpelekea mbuzi. Nilitaka aseme mbuzi amekonda kama mwenye mbuzi. Akampokea kwa mikono miwili: "Asante sana, bwana, umejisumbua." Niliporudi nyumbani niliipiga ndoo ya maji teke mpaka ikapasuka.

Mama alifariki masika. Jeneza tulilibeba kwa pikapu ile ile kwenda kumzika kwao Kigwa, na mtani alikaa nyuma akilishikilia. Kwenye mteremko ng'ombe wakakatiza tena. Nikakanyaga, gari likasimama palepale, jeneza halikusogea hata kidole.

Kaburini watu walimngoja. Shangazi zangu walikuwa wakigeuka kumtazama mmoja baada ya mwingine. Alisimama na shati lililopigwa pasi, mikono ameikunja tumboni, kimya. Mama akashushwa kwenye shimo ambalo hakuna aliyelala ndani yake kudai kitu, na udongo ukaanza kuanguka. Majogoo wawili nilikuwa nimewafunga miguu tangu alfajiri na kuja nao garini.

Nikamfuata. Nikasema kwa nguvu ili wote wasikie.

"Mla ubuyu wewe, umefuata wali wa marehemu?"

Alinipa mkono kwa mikono yake yote miwili, kwa adabu. Alipofungua mdomo nililiona pengo.

"Nimekula nyumbani, bwana," akasema. "Pole sana na msiba."