Wanawake Wasiokuwamo Kwenye Karatasi ya Babu

Miaka ile ya mwanzo ya vyama vingi nilikuwa muuguzi Chake Chake. Siasa ilikuwa imetugawa hata watu wa nyumba moja. Kwa hiyo nilipompeleka daktari mgeni kwa shangazi yangu Mtambile, nikiwa na daftari la kuandikia majina mkononi, swali lilitangulia neno "karibu".

"Majina hayo ni ya kura?"

"Ya maradhi, shangazi. Ya moyo."

Akatandika mkeka. Watu watatu wa ukoo wetu walikuwa wameanguka na kufa bila kuugua. Wa mwisho alikuwa binti yake, alipokuwa akianika karafuu. Wengine walisema jini, wengine husuda.

Mgeni alikuwa mwanamke wa makamo kutoka nchi ya barafu, huko kaskazini ambako wakati wa baridi jua halichomozi kabisa. Alizungumza Kiingereza, mimi nikafasiri. Alisema kwao nako vijana wazima walianguka hivyo hivyo. Madaktari wakubwa walikuwa wamewapima watu wa mataifa yao wenyewe na kuandika vitabu. Watu wake, wachache na wa mbali, hawakufikiwa. Baada ya kumzika kaka yake, alianza kupima damu za ukoo wake mwenyewe, na katika vinasaba vyao ikaonekana kasoro ambayo vitabu havikuwa nayo.

"Nimekuja kwenu kwa kuwa nanyi pia hamumo vitabuni," alisema.

"Vinasaba ndiyo nasaba?" shangazi aliniuliza. "Basi nasaba tunayo."

Akatoa sandukuni karatasi ya babu, iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, fulani bin fulani mpaka Omani. Nilipomaliza kuisoma, daktari aliuliza, "Na wanawake?"

Shangazi akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba.

"Wanawake hawaandikwi. Ninao mie kichwani."

Akawataja mpaka adhuhuri: nani kazaliwa na nani, nani kaolewa wapi, nani alizimia harusini wakasema ni furaha. Mimi nikichora mistari. Wale marehemu watatu, ambao karatasi ya babu isingewakutanisha kamwe, wote waliteremka kutoka kwa mwanamke mmoja, bibi mzaa mama wa shangazi. Shangazi akaufuata mchoro kwa kidole mpaka kwa binti yake.

"Kwa hiyo mwanangu hakuhusudiwa na mtu," alisema taratibu. Akakunja mkono wa kanzu. "Anza na mie."

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, jamaa walijaa barazani kwake, pamoja na wale waliokuwa hawaamkiani kwa sababu ya vyama. Daktari alikuja na mashine ndogo ya kuchora mapigo ya moyo. Mchoro wa mdogo wangu wa kike haukuwa sawa. Nililia jikoni, daktari akanifuata.

"Huyu tumemuwahi," aliniambia. "Kaka yangu sikumuwahi."

Mdogo wangu alianzishiwa vidonge wiki ile ile. Majibu ya damu yalichukua zaidi ya mwaka; kasoro yetu haikuwa sawa na yao, lakini ilipatikana, na watoto wa ukoo wakaanza kupimwa mapema. Mdogo wangu leo ni mwalimu Wete, mama wa watoto wawili. Kila nikimpigia asubuhi kumuuliza kama ameshameza kidonge, hunijibu kwa ukali, "Dada, nina darasa linanisubiri," na kunikatia simu.